Vijembe Juu ya Sakafu ya Chuo

Nyinyi mnaosoma katika lile jumba la kale la chuo, hapa Mji Mkongwe, mnapopanda ukumbi wa juu mnatupa mikoba chini na kukaa. Sikulaumuni. Sakafu ni ya kukaliwa. Lakini nimeambiwa kuwa mmoja wenu alimuuliza mwalimu wake sakafu ile ilinunuliwa duka gani, na mwalimu akajibu kuwa hajui, atauliza. Tangu nisikie hayo silali vizuri, na magoti yangu yalikuwa yameshaninyima usingizi bila ya msaada wenu.

Haikununuliwa. Ilipigwa. Wanawake wa mtaa wa Amani na wanawake wa kijiji cha Fumba waliipiga kwa vijibao, wamekaa kitako, jua hadi jua, huku wakisemana vibaya. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao. Naitwa Bi Zuwena, na sasa nimestaafu, yaani nakaa barazani na kuwaambia watu mambo ambayo hawakuniuliza.

Kazi nilifunzwa na shangazi yangu, Bi Sanura, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Nilipomwendea nilitaraji atanipa kipande. Kipande ndicho hicho kijibao kizito chenye mkono, tunachopigia. Hakunipa. Alinikalisha kando ya ukuta, akaniambia nifumbe macho, nisikilize wenzangu wakipiga. Nilisikiliza mpaka nikasinzia. Akanirushia maji ya ndoo.

"Umesikia nini?" aliniuliza.

"Kelele."

"Basi kesho ukae tena."

Nilikaa sana pale ukutani, na nilirushiwa maji mengi. Mwisho nilisikia. Sakafu mbichi inalia *puu*, kama mtu aliyepigwa akiwa amevaa makoti. Ikianza kushikana inalia *pa*. Ikiiva inalia *ta*, kavu, fupi, haina mchezo. Ukisikia *puu* katikati ya *ta*, hapo pana mahali palaini, na mwenye pahala pake arudi akapapige. Hakuna mashine ya kupimia zaidi ya sikio, na sikio halihitaji umeme, jambo ambalo kwetu si dogo.

Sasa sikilizeni, maana haya hamtoyakuta darasani. Jumba kama lile lina boriti za mikoko juu, kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa. Juu ya mawe humwagwa mchanganyiko wa chokaa, udongo mwekundu na kokoto, ndiyo hiyo sakafu. Chokaa lazima iwe imelala shimoni miezi na miezi mpaka iwe laini kama samli. Ukiitia kidole ikakung'ata, irudishe ikalale. Pakeni mafuta ya nazi mikononi kabla ya kazi na baada ya kazi. Na vueni pete. Mwenzetu mmoja hakuvua, na pete yake imo chini ya ofisi ya mhasibu hadi leo. Mumewe alikuja kuuliza kama sakafu inaweza kufunguliwa kidogo. Tulimwambia anunue nyingine.

Na msichanganye chokaa na saruji. Najua mtachanganya, lakini nimeshasema. Kabla yetu walikuja mafundi wengine katika jumba lile, wakaupaka ukuta wa darasa moja la chini saruji, na juu yake rangi ya kung'aa. Ukuta wa mawe na chokaa unataka kupumua. Huu ulizibwa pua. Ukaanza kutoa jasho. Ramani ikaanguka, ikabandikwa, ikaanguka. Chumvi ikachipua ukutani. Pakaenea maneno kuwa darasa lina mwenyewe, na si mtu. Watu wa chuo wakamwita shekhe aje asome. Shekhe, Mungu amrehemu, aliingia, akagusa ukuta, akanusa kidole, akasema, "Fungueni madirisha, kisha mtafuteni fundi." Alisoma na dua kidogo, kwa kuwa alikuwa ameshaitwa. Ndivyo tulivyopata kazi katika chuo kile.

Msimamizi wa kazi alikuwa Nassor, kijana aliyesomea majengo, mtoto wa hapa hapa mjini. Nilimpenda kwa sababu aliuliza maswali na akangoja majibu. Asubuhi moja alinijia na uso umemshuka.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Sema, uso wako umeshasema nusu."

"Kamati ya majengo imekaa. Wanasema tuanze na ukumbi mkubwa wa juu. Sakafu ya chokaa ikikaa vizuri, bila ya ufa, vyumba vyote vilobaki mtapewa nyie. Ikipasuka, wanatia vigae jumba zima."

"Vigae vya wapi?"

"Vishanunuliwa, Bi Zuwena. Viko chini."

Nilishuka kuvitazama. Vilikuwa katika maboksi, vimepangwa ukumbini chini kando ya ngazi, rangi ya maziwa yaliyoharibika. Walimu walikuwa wameshaanza kuvikalia wakisubiri vipindi. Tangu siku ile tukawa tunavipita kila asubuhi kama mtu anavyompita mke mwenza: salamu hakuna, lakini jicho lipo.

Kwa hiyo jueni kilichokuwa mkononi mwetu. Vyumba vya jumba lile ni vingi. Vikienda kwa chokaa, wanawake wangu wana kazi, na wale mabinti zao waliokuwa wanakuja kutizama wana kitu cha kurithi. Vikienda kwa vigae, kazi hii Unguja imekwisha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeizika. Bi Sanura alikuwa ameshafariki. Nilishukuru kwa hilo, la sivyo ningekuwa namwogopa yeye kuliko kamati.

Ukumbi ni mkubwa, na sakafu kubwa haipigwi kutoka upande mmoja. Chokaa ikikauka inajikunja. Ukipiga nusu leo na nusu kesho, pale zinapokutana patabaki mstari, na mstari ndio ufa, na ufa ndio vigae. Inapigwa kutoka kuta mbili kwa pamoja, safu mbili za watu zinakuja zinakutana katikati, mpigo mmoja. Safu moja walikuwa wanawake wa Amani, na mkubwa wao Bi Mgeni. Ya pili wanawake wa Fumba, na mkubwa wao Bi Rukia. Bila ya wawili hawa sina safu, nina watu waliokaa chini tu.

Mgeni na Rukia walikuwa mashoga, marafiki wa miaka. Mmoja mnene mwenye kucheka, mmoja mwembamba mwenye kuchekesha. Walikula sahani moja. Walibadilishana kanga mpaka hawakujua tena ipi ya nani. Na wakishika vipande, wakawa maadui, kama inavyotakiwa.

Hapa ndipo penye siri ya kazi, na wageni wengi hawaielewi. Mkono wa mtu unachoka upesi sana. Akili ndiyo isiyochoka, ikiwa ina jambo. Kwa hiyo safu moja inaimba kijembe, safu ya pili inaitikia kwa mpigo huku mkubwa wao anatafuta jawabu, na hakuna anayehisi bega lake kwa kuwa kila mtu anangoja kusikia kitakachojibiwa. Amani wakianza:

*Hao wa Fumba hao, wamekuja na usingizi,*
*wapigieni karibu, huenda wakaamka.*

Na Fumba wakirudisha:

*Amani wana maringo, mkono wa kushika kipochi,*
*kipande kimewalemea, watafutieni kijiko.*

Bi Sanura alituwekea mipaka. Mseme mtu kwa uvivu wake, kwa miguu yake, kwa umri wake, kwa kijiji chake, kwa anavyovaa. Usimguse mtoto wake, na usiiguse ndoa yake. Mipaka hiyo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua.

Tulianza vizuri. Safu zilikuwa zikipiga *puu*, zikinyunyiza maji ya chokaa, zikipiga, na vijembe vilikuwa vya kutosha. Kisha bwana mmoja wa utawala akapanda ngazi. Alikuwa mtu wa adabu sana, mwenye koti. Alisema chini kuna mhadhara wa hisabati, na wanafunzi wameacha kuandika hesabu, wanaandika nyimbo. Akaomba, kwa heshima na taadhima, tuimbe kitu chenye maadili.

Tuliimba chenye maadili. Tulikuwa watu wazima, tuliombwa, tukakubali. Tuliimba umuhimu wa kusoma kwa bidii. Tuliimba faida za kuamka mapema. Mgeni aliimba beti mbili za kunawa mikono. Mikono ikafa. Wanawake walikuwa wanapiga kama wanaobembeleza mtoto wa mtu wasiyemjua. Bi mmoja wa Fumba alisinzia ameshika kipande, akaendelea kupiga akiwa usingizini, na nasema kweli, alikuwa anapiga vizuri kuliko walioamka. Jioni nilipita ukumbi mzima nikiigonga sakafu kwa ncha ya kipande, na nilisikia *puu* kila mahali ambapo palitakiwa pawe *pa*. Nassor alinifuata nyuma. Na yeye alisikia, kwa kuwa nilikuwa nimeshamkalisha ukutani.

Siku ya pili yake niliwakusanya kabla ya kazi. Niliwaambia, "Maadili tumeshayaimba yote, hakuna yaliyobaki. Leo ndiyo siku ya kuiivisha. Tieni pilipili."

Walitia. Ukumbi ule ulitikisika. Mpaka saa nne tulikuwa tumeshatoka kwenye *puu*, na safu zilikuwa zinakaribiana, na vijembe navyo vilikuwa vinakaribiana. Rukia alikuwa moto siku ile. Alimwimba Mgeni kwa unene, akamwimba kwa kukoroma, akamwimba kuwa kipande anakishika kama mwiko, hebu aje afunzwe. Safu ya Fumba ilicheka mpaka ikapoteza mpigo. Mgeni alikuwa anatafuta jawabu na halipati, na watu wanamtazama, na jasho linamtoka. Mtu akiwa katika hali ile huchukua kilicho karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa cha rafiki yake. Akaimba:

*Mimi unanifunza, na wewe nani akufunze?*
*Bwana yuko Kizimbani, ana nyumba nyengine.*

Safu ya Amani haikuitikia. Hapana aliyejua kama ni mzaha au ni kweli, mpaka tulipomtazama Rukia usoni. Ni kweli. Mumewe alikuwa ameoa mke wa pili huko Kizimbani, na Rukia alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yake ameshika kipande mkononi na mdomo bado wazi.

Rukia alikiweka kipande chake chini, taratibu, kama unavyoweka kikombe cha mtu mgonjwa. Akainuka, akachukua buibui lake, akashuka. Safu nzima ya Fumba ikaweka vipande chini, ikamfuata. Nilisikia malapa ya miguuni mwao ngazini mpaka ya mwisho.

Ikabaki nusu ya sakafu haina watu, na jua linaingia.

Nassor alikuwa hodari siku ile, na nataka mlijue hilo. Hakupiga kelele. Alifunga madirisha ya upande wa jua, akarowesha magunia, akayatandaza juu ya nusu ya Fumba kwa mikono yake, kisha akanijia.

"Bi Zuwena, magunia yatazuia mpaka adhuhuri. Zaidi ya hapo sikuahidi."

"Amani hawawezi kupiga kote?"

"Wewe ndo unonambia siku zote hawawezi."

Ni kweli nilimwambia. Nilimchukua Mgeni mkono, ambao ulikuwa baridi, tukashuka.

Rukia hakuwa amekwenda mbali. Wenzake walikuwa nje kivulini, yeye alikuwa amekaa juu ya maboksi ya vigae, buibui ameshalivaa, anatazama ukuta.

"Bi Rukia," nilimwambia, "sakafu inakauka."

"Najua. Mie ndo nlokuwa naipiga."

"Nimekuja na Mgeni."

"Namuona. Sina upofu."

Mgeni alisema, "Shoga, nisamehe. Ulimi uliteleza."

"Haukuteleza. Ulikwenda moja kwa moja mpaka Kizimbani." Rukia aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nlikwambia wewe peke yako, Mgeni. Mamangu sijamwambia. Wanangu hawajui. Nlikuwa nakaa nacho moyoni nangoja nipate nguvu ya kukisema. Sasa kinajulikana mpaka na yule mwalimu wa hisabati."

Mwalimu wa hisabati alikuwa ametoa kichwa mlangoni mwa darasa lake. Akakirudisha ndani.

Mgeni akaanza kulia, na Mgeni akilia analia kweli, hazuii. Nilikuwa nawapenda wote wawili, na wakati ule niliisahau kamati na vigae vyake, nikawa natamani tu yule mwanamke aliyekaa pale angekuwa hajaumizwa.

"Usilie," Rukia alimwambia. "Ukilia n'takusamehe, na sijataka."

Mtu akapita na kusema shikamooni, tukaitikia marahaba, akapanda ngazi, akaona hali, akashuka.

Kisha Rukia akaniuliza mimi, si Mgeni. "Zuwena, yeye zamu yake kaimba. Yangu iko wapi?"

"Zamu ipi?"

"Zamu yangu. Nimeimbwa, sijajibu. Bi Sanura alisema nini? Lilosemwa juu ya sakafu linajibiwa juu ya sakafu." Alijifuta uso kwa ncha ya buibui. "N'tarudi. Lakini yeye hashiki kipande. Anasimama katikati, mbele ya watu wote, mie naimba, na kila n'tachosema, yeye anaitikia 'ni kweli'. Chochote n'tachosema."

Nilimtazama Mgeni. Watu wawili waliokula sahani moja miaka yote ile, kila mmoja ana ya mwenziwe. Yale ya Mgeni aliyokuwa nayo Rukia mimi sikuyajua, na siku nyingine ningependa sana kuyajua, lakini siku ile hapana. Mgeni aliyajua. Rangi ya uso ilimbadilika.

"Chochote?" aliuliza.

"Chochote."

"Haya," alisema Mgeni. "Twende."

Tulipanda. Fumba walipanda nyuma yetu. Nassor alikunja magunia, wanawake wakakaa kwenye safu zao, na Mgeni akasimama katikati ya ukumbi, kwenye kile kipande chembamba ambacho safu hazijakifikia, mikono mitupu, haijui ikae wapi. Hapana aliyecheka. Rukia alichukua kipande chake, akakigonga mara moja kutafuta mpigo, watu wakamfuata. Akapiga kwa muda mrefu bila ya kuimba. Nilidhani hataweza. Kisha akaimba:

*Ndiyo, bwana kaoa, kaoa Kizimbani,*
*na mie nalala sasa katikati ya kitanda.*

Mgeni alikuwa amejitayarisha kupigwa, na pigo halikuja kwake.

"Itikia!" Rukia alimwambia.

"Ni kweli," alisema Mgeni.

*Mguu huku, mguu kule, na mto wangu pekee,*
*koroma lake kahama nalo, linakoroma ugenini.*

"Ni kweli!"

*Nguo zake hazikufuliwa, soksi zake hazikutafutwa,*
*alo na mume wa peke yake, jioni ana kazi ya ziada.*

"Ni kweli!" Safari hii haikuwa sauti ya Mgeni tu. Safu nzima ya Amani iliitikia, na Fumba wakaitikia, na kulikuwa na wanawake waliokuwa wanacheka na machozi yanawatoka, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa na lake. Rukia aliimba yote. Aliimba siku alipoambiwa. Aliimba alivyopika chakula cha mtu ambaye hakuja. Alilolificha alilitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, kidogo kidogo, na kila alilolitoa watu walilipigilia chini. Siri za Mgeni hakugusa hata moja. Mgeni alisimama pale akiitikia mpaka sauti ikamkauka, na nadhani angeona afadhali angetukanwa.

Ubeti wa baadaye tukasikia "Ni kweli!" kutoka chini ya sakafu. Wanafunzi wa kike wa hisabati walikuwa wanaitikia na wao. Mwalimu wao aliniambia baadaye kuwa alijaribu kuendelea na somo, na kwamba lilikuwa somo zuri.

Katika maisha yangu sijaona watu wakipiga vile. Safu zilikutana miguuni pa Mgeni, zikamwondoa, zikapita, zikarudi. Kabla ya adhana ya alasiri nilipita ukumbi mzima na kipande changu, pembe hadi pembe. *Ta. Ta. Ta.* Nassor alipita nyuma yangu na cha kwake. Tulikutana mlangoni.

Sakafu tuliiweka unyevunyevu, tukaisugua kwa mawe laini, tukaiacha. Ilipokauka kamati ilikuja. Mmoja wao alipiga magoti na miwani yake akatafuta ufa kama aliyeangusha sindano. Alikaa chini muda mrefu, tukadhani kaupata, kumbe goti limekataa kunyanyuka. Hapakuwa na ufa. Vigae vilipelekwa vyoo vya nyuma, ambako vinapendeza, na vyumba vilobaki tukapewa sisi.

Ningeweza kuishia hapo, na mngeondoka mmefurahi. Lakini nakufunzeni kazi, na kazi haikuishia hapo.

Rukia alirudi kazini kila siku. Watoto wake alishawaambia, mama yake alishamwambia, alikuwa mwepesi zaidi kuliko zamani. Aliimba vijembe kwa kila mtu. Alimwimba Nassor kwa suruali yake. Aliniimba mimi kwa magoti yangu, beti nyingi, nyingine za kweli. Ila Mgeni, Rukia hakumgusa. Zamu ya kumwimba Mgeni ikifika, Rukia alimsifu. Aliimba kuwa Bi Mgeni ni mchapakazi hodari, Bi Mgeni ni mtu wa adabu. Mara ya kwanza Mgeni aliposikia ameitwa "Bi Mgeni" na Rukia, alikosa mpigo na kujigonga kidole.

Ndivyo tulivyopiga chumba cha pili, na cha tatu, na vingine. Vilikaa vizuri, kamati ilivisifu. Mimi sikuvipenda. Nilisikia katika kila kimoja mahali ambapo safu zinakutana, na mahali hapo palikuwa pazuri, pamekaza, na palikuwa pamepigwa na watu wawili wanaotendeana heshima. Mtu mwingine hawezi kusikia hilo. Nassor alisema na yeye hasikii. Nilimwambia akae ukutani.

Mchana Mgeni alikuwa akija na chakula, anamkaribisha. Rukia anajibu, "Ahsante, Bi Mgeni, nshakula." Hapo Mgeni akawa anaiacha bakuli karibu na malapa ya Rukia. Jioni bakuli inarudi imejaa. Siku moja tu ilirudi tupu, Ijumaa, siku aliyopika pweza, na kwa kuwa Mji Mkongwe ni mji wa paka, tulidhani ni paka.

Siku moja nilimkuta Mgeni ngazini peke yake. Nilimwambia avumilie, mwenziwe ameshamsamehe.

"Kanisamehe, Bi Zuwena. Kila siku ananambia ahsante." Alitazama mikono yake. "Sitaki ahsante. Nataka anseme."

Chumba cha mwisho kilikuwa kidogo, chumba cha pembeni kinachotazama uchochoro, ambacho sasa ni cha kuhifadhia viti vibovu. Jumatatu asubuhi, safu zilikuwa fupi, watu wanagusana mabega. Tulipiga. Zamu ikaja kwa Rukia. Mgeni aliinamisha kichwa kama anayengojea mvua, na mimi nikajitayarisha kusikia tena kuwa Bi Mgeni ni hodari. Rukia alipiga, akapiga, akaimba:

*Mgeni wa Amani huyo, mpishi wa pweza mgumu,*
*namtafuna tangu Ijumaa, na leo bado yumo!*

Safu zote zikaitikia kwa kelele. Kipande cha Mgeni kilikuwa hewani na hakikushuka. Sheria ni kuwa hupaswi kusimamisha mkono chokaa ikiwa mbichi, na mimi ndiye mwenye kuisimamia sheria hiyo, na nilimwacha. Alikuwa analia na mdomo umefunguka unatafuta jawabu, na safari hii alilipata.

*Pweza wangu laini,* aliimba Mgeni, *meno yako ndiyo hayamo!*

Na akapiga.